Jarida la waliosoma shule moja: habari za mafanikio mnazikusanya na kuzihakiki vipi?

KatibuMpya ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Umoja wa waliosoma sekondari yetu (ya serikali, ya bweni, kidato cha kwanza hadi cha sita, waliomaliza kuanzia miaka ya 1970 mpaka juzi) umeamua kuwa na jarida la habari za wanachama: nani kahitimu nini, nani kateuliwa wapi, nani kafungua karakana, nani katangulia mbele ya haki, na shule yenyewe inaendeleaje. Kazi imeangukia ofisi ya katibu.

Hali ilivyo sasa, grupu kuu la WhatsApp limejaa watu 1,024, na wengine wanasubiri mtu atoke ndipo waingie. Habari zikipita humo zinazama chini ya rundo la "hongera" na picha za asubuhi njema. Toleo la majaribio lilipotoka lililalamikiwa: waliotajwa ni mabosi wa Dar na Dodoma tu, kuna aliyeandikwa profesa na hajafika huko, na picha zimetoka na ukungu kwenye karatasi.

Wanaoijua kazi hii naomba maelezo ya vitendo, siyo ya "mshirikiane". Fomu iulize nini? Habari ihakikiwe wapi kabla haijachapwa? Picha zifanywe nini? Na itoke mara ngapi kwa mwaka?

---

Mhariri_Mzizima amejibu:

Mkuu, kabla ya fomu tafuta watu. Toleo linalojaa mabosi ni toleo lililokusanywa kwa kusubiri, kwa sababu anayeleta habari bila kuulizwa ni yule mwenye cheo au mwenye mpambe wa kumletea. Muuguzi mfawidhi wa zahanati ya kijijini Nachingwea hatakutumia kitu. Anafuatwa.

Kwa hiyo kila mwaka wa kumaliza uwe na mwakilishi wake, na asiwe lazima yule anayeongea sana kwenye grupu. Mtafute aliyekuwa kiranja wa bweni au aliyeshika hela za mahafali, maana hao ndio wenye namba za watu. Miaka ya zamani iliyobakiwa na watu wachache iunganishe mitatu mitatu chini ya mtu mmoja. Kazi ya mwakilishi ni moja: wiki tatu kabla ya jarida kufungwa, awapigie watu kumi wa mwaka wake ambao hawajawahi kutajwa. Apige, asitume ujumbe. Ujumbe wa "tuma habari zako" hujibiwa "mimi sina jipya, tunamshukuru Mungu". Kwenye simu ya dakika tano mtu huyo huyo anakutajia kwamba ni mwaka wake wa tisa akiwa mwalimu mkuu, au kwamba ana ekari za parachichi Njombe na mzigo unakwenda nje.

Fomu sasa. Google Forms inatosha, ila usiweke ndani yake swali la kupakia faili. Likiwepo, mjazaji analazimika kuingia kwa akaunti ya Google, na hapo unawapoteza wazee wote na vijana wengi tu. Kizuizi cha "jibu moja kwa mtu mmoja" kina shida hiyo hiyo. Picha ziombwe pembeni, kwa barua pepe au WhatsApp.

Ya kuuliza:

Jina lililotumika shuleni, kisha jina la sasa kama limebadilika. Akina dada walioolewa wakachukua jina la mume hawapatikani kwenye orodha za zamani bila hili, na waliobadili dini vilevile.

Mwaka wa kumaliza na kidato gani, nne au sita. Usiulize mwaka wa kuingia, kwa kuwa waliorudia darasa na waliohamia watakuvuruga. Mtu akisitasita kuhusu mwaka, fuata ulioandikwa kwenye cheti. Kwa kidato cha sita ongeza tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo (PCB, EGM, HGL na nyinginezo).

Bweni. Linaonekana pambo, lakini ni kipimo kizuri cha kwanza: asiyewahi kulala pale hajui mabweni ya wakati anaoudai yaliitwaje.

Tukio lenyewe: nini, wapi, tarehe au mwezi gani, na ni taasisi gani iliyotoa cheo, cheti au tuzo hiyo.

Uthibitisho: kiungo, barua, au picha ya cheti. Eleza wazi kuwa cheti ni cha kuonwa na mhariri tu, hakichapwi. Mwambie afunike namba za vitambulisho.

Ridhaa, na ziwe mbili tofauti: kuchapwa kwenye jarida, na kuwekwa mtandaoni kwenye ukurasa wa wazi. Wapo wengi wanaokubali la kwanza na kukataa la pili.

Mwisho: unajaza habari yako au ya mwenzako? Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Habari iliyoletwa na rafiki isichapwe mpaka mhusika mwenyewe apigiwe. Kuna aliyepandishwa cheo na hajawaambia ndugu, kuna aliyepata kazi mpya na bado hajakabidhi ofisi ya zamani, na kuna mwenye sababu zake ambazo si kazi yenu kuzijua.

Majibu yakishuka kwenye jedwali, safu ya simu iwekwe kama maandishi, siyo namba. Vinginevyo 0 ya mwanzo inaliwa na alama ya kujumlisha inapotea. Afadhali zote ziandikwe kwa 255 na tarakimu tisa zinazofuata, walioko Kenya 254, kila mtu na nchi yake. Kumbuka pia laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hugawiwa mtu mwingine, kwa hiyo orodha ya simu ya miaka mitano nyuma usiitumie kutuma habari za watu kabla ya kuihakiki.

Mara ngapi? Kila robo mwaka mtachoka kabla ya mwaka kwisha. Matoleo mawili yanatosha na kalenda yenyewe inayapanga. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na mahafali mengi ya vyuo huwa yamepita kati ya Oktoba na Desemba, basi toleo la kwanza ni Februari. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, toleo la pili ni Agosti. Mapokezi ya habari yafungwe siku 21 kabla ya kuchapa, na tarehe hiyo isisogezwe kwa ajili ya mheshimiwa yeyote.

Kuhusu uandishi, habari huja hivi:

"Hongera sana kaka yetu Fulani kwa kula PhD na kuwa Prof pale chuo kikuu, umeiheshimisha shule, Mungu azidi kukuinua!!!"

Itoke hivi:

"Fulani (kidato cha nne 1999) ametunukiwa Shahada ya Uzamivu katika uhandisi wa maji, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mahafali ya Novemba. Utafiti wake ulihusu upotevu wa maji kwenye mabomba ya miji midogo. Ni Mhadhiri wa chuo hicho."

Hongera zibaki kwenye grupu, huko ndiko kwao. Jarida linabeba jina, mwaka, taasisi, tarehe, na sentensi moja ya kazi yenyewe. Hiyo sentensi moja ndiyo mwanafunzi aliyeko kidato cha tatu leo ataisoma akajua kwamba kuna watu wanalipwa kutafuta mabomba yanayovuja. Ukiiondoa inabaki orodha ya vyeo. Habari moja isizidi maneno 60, ya balozi na ya fundi wa majokofu, kipimo kimoja. Picha nazo ukubwa mmoja. Mkianza kupima ukubwa wa picha kwa ukubwa wa cheo, hamtamaliza ugomvi.

---

Masjala_Kuu amejibu:

Mhariri kamaliza upande wa kukusanya. Naongezea uhakiki, maana hapo ndipo majarida ya aina hii yanapoumbuka.

Hatua ya kwanza ni kujua kama mtu kweli alisoma hapo. Chanzo kikuu ni daftari la uandikishaji lililoko ofisi ya mkuu wa shule. Ombeni ruhusa kwa barua mlipige picha ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu shule nyingi za zamani madaftari yake yanaliwa na mchwa. Nakala apewe mkuu wa shule, nyingine ishikwe na mtu mmoja wa umoja. Isiingie kwenye grupu hata siku moja, mle mna majina ya wazazi, makabila na maksi za watu.

Pale daftari lilipopotea, tumieni namba ya mtihani. Herufi S na tarakimu nne za mwanzo ni za shule, zinazofuata ni za mtahiniwa. Ukiona P badala ya S, huyo alifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kufanyia mtihani kwenye kituo cha shule si kusoma shuleni. Matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) yameorodheshwa kwa namba bila majina, kwa hiyo namba peke yake haithibitishi mtu. Ilinganishwe na cheti chake.

Aliyekaa kidogo akahama je? Wekeni kanuni kabla mzozo haujazuka. Kanuni ninayoiona ina mantiki ni mwaka mmoja kamili wa masomo. Na mabano yaseme ukweli: "(alisoma kidato cha 1 na 2)", msimwandike kana kwamba alimaliza.

Kuna shule kugombania mtu mmoja. Hakuna haja ya kugombania, andikeni hatua. Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alipita Ihithe, akaenda St. Cecilia's Mathari, akamalizia sekondari Loreto Limuru mwaka 1959. Shule zote tatu ni zake, kila moja kwa hatua yake. Mwalimu Nyerere alianzia Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaingia Tabora mwaka 1937. Pugu hakusoma, alifundisha, mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Bado kuna watu wanamweka kwenye orodha ya waliosoma Pugu. Walimu wawe na safu yao kwenye jarida, wanastahili, lakini wasichanganywe na wanafunzi.

Majina ya shule yenyewe nayo ni mtego. Nairobi, Duke of York ndiyo Lenana ya leo, na Prince of Wales ndiyo Nairobi School. Kwetu, baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule za misheni zilizochukuliwa na serikali nyingi zilipoteza majina ya watakatifu: St. Francis' College ikawa Pugu tu. Andika jina la wakati ule, kisha "leo" na jina la sasa, mara moja kwa habari.

Sasa vyeo, maana hapo ndipo KatibuMpya alipobanwa.

Vyuoni ngazi ni Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Wanafunzi huita kila mwenye mvi "Prof", na ujumbe wa WhatsApp hurithi hivyo hivyo. Nenda kwenye ukurasa wa idara yake kwenye tovuti ya chuo usome kilichoandikwa. "Dkt." inaweza kuwa ya uzamivu, ya udaktari wa tiba, au ya heshima. Ya heshima iandikwe kwa maneno yake, "ametunukiwa shahada ya heshima na chuo fulani", msiibandike mbele ya jina kimyakimya. Shahada ya chuo cha nje ambacho hamjawahi kukisikia, muulizeni mhusika kama ameipeleka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa tathmini. Hajaipeleka? Habari isubiri.

Taaluma zenye bodi ndizo rahisi. Mawakili wamo kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili, unatafuta kwa jina. Wahandisi wako Bodi ya Usajili wa Wahandisi na ngazi zao, mhandisi mtaalamu siyo sawa na mhandisi mhitimu. Wahasibu wenye CPA waulizeni bodi yao, NBAA. Madaktari wako Baraza la Madaktari Tanganyika. Kampuni iko BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Kuhusu kampuni, "Mkurugenzi Mtendaji" wa kampuni ya mtu mmoja si uongo, lakini hakumwambii msomaji kitu. Andika kampuni inafanya nini, iko wapi, na imeajiri wangapi.

Uteuzi wa Rais: taarifa za kughushi zina nembo, saini na tarehe kamili. Msitumie picha iliyozunguka kwenye grupu, tafuteni taarifa hiyo kwenye kurasa rasmi za Ikulu au kwenye Gazeti la Serikali. Kisha tofautisheni kuteuliwa na kuapishwa, na kaimu mwandikeni kaimu. Jaji wa Mahakama Kuu na Jaji wa Rufani ni ngazi mbili. Katibu Tawala wa Wilaya si Mkuu wa Wilaya.

Tuzo. Siku hizi kuna tuzo nyingi ambazo "mshindi" ananunua meza ya chakula cha jioni au analipia ada ya ushiriki ndipo atangazwe. Maswali matatu yanatosha: nani anatoa, waamuzi ni nani, na je, aliyeteuliwa alilipa chochote? Likijibiwa la tatu kwa ndiyo, iacheni.

Michezo inahitaji namba. "Ameiletea nchi sifa" si habari. Rekodi ya dunia ya Filbert Bayi inaandikwa hivi: mita 1,500, dakika 3 na sekunde 32.2, Christchurch, 2 Februari 1974. Hata mashindano ya mkoa yaandikwe kwa mtindo huo: mchezo, muda au alama, nafasi, mahali, tarehe.

---

Fundi_Chapa amejibu:

Ukungu kwenye picha chanzo chake karibu kila mara ni WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha inabanwa, na hata ukichagua HD bado inabanwa. Mwambie mtu aitume kama hati: alama ya kiambatisho, Hati, achague faili. Ikishaforwadiwa mara tatu kwenye magrupu hiyo hairekebishiki, omba ya awali kwa aliyeipiga.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Karatasi inataka nukta 300 kwa inchi. Picha ya upana wa sentimita 8 inahitaji pikseli 945 upande huo. Ya upana wote wa A4, sentimita 21, inahitaji 2,480. Kuivuta picha ndogo iwe kubwa kwenye kompyuta hakuongezi kitu, kunatandaza ukungu tu. Skrinshoti ya Instagram usiipokee kabisa.

Nembo ya shule watu huiskani kutoka kwenye barua ya zamani, inatoka na vumbi na kingo za meno. Mlipeni mchoraji aichore upya kwa vekta (mchoro unaokuzwa bila kuharibika) mara moja, mtaitumia miaka ishirini.

Ukichapa A4 ya kubana pini katikati, kurasa lazima zigawanyike kwa 4: 8, 12, 16, 20. Ukipeleka kurasa 18, fundi ataweka mbili tupu au atakuita usiku. Ndani karatasi ya gramu 130, kava gramu 250. Weka milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa, la sivyo rangi ya ukingoni inaacha mstari mweupe. Faili liende kwa CMYK (rangi nne za wino wa uchapaji), kwani bluu na kijani vinavyong'aa kwenye simu hupoa kwenye karatasi, sasa ni bora uone upoaji huo kwenye pruufu (nakala ya majaribio) kuliko kwenye nakala 300. Pruufu iwe ya karatasi na isainiwe. Nakala chini ya mia mbili hivi, mashine ya dijitali ni nafuu. Zikizidi sana hapo ofseti inaanza kulipa, kwa kuwa gharama yake kubwa ni plateti (bati za kuchapia), na plateti ni zile zile uchape mia au elfu.

Toleo la simu liwe faili jingine, siyo lile la mtambo. A4 yenye safu mbili kwenye simu ni kuburuta kidole kushoto na kulia mpaka mtu aache. Tengeneza A5 ya safu moja, herufi za pointi 12 au zaidi, na PDF isizidi MB 5. WhatsApp inapokea faili la hadi GB 2, lakini bando la msomaji halipokei.

Maelezo ya picha ya pamoja: "kutoka kushoto, waliokaa", kisha "waliosimama". Majina yaandikwe siku picha inapopigwa. Mwezi ukipita hakuna anayekumbuka wa tano kutoka kushoto.

---

KatibuMpya:

Nimepata zaidi ya nilichotarajia, asanteni sana. Yamebaki matatu. Grupu lililojaa, tunafanyaje? Tanzia na michango ya rambirambi, jarida lihusike vipi? Na kuna wanaosema orodha ya majina na simu ni kosa kisheria, ni kweli?

---

Sheria_na_Kanuni amejibu:

Ndugu Katibu, naanza na la sheria. Kuwa na orodha si kosa, kosa ni namna ya kuishika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa umoja wenu maana yake ni hii: mnakusanya kwa lengo mlilolitaja, hamzitumii kwa lengo jingine, mnazilinda, na mtu akitaka zirekebishwe au zifutwe mnamsikiliza. Wakusanyaji wa taarifa wanatakiwa kujisajili kwenye Tume hiyo, basi mwulizeni wakili wenu mapema usajili huo unawahusu kwa kiwango gani. Wenye tawi Kenya wana sheria yao ya 2019 na Kamishna wao.

Kwa vitendo: jedwali kamili lishikwe na watu wawili, katibu na mmoja zaidi. Wawakilishi wapewe mwaka wao tu. Jarida lisichape namba ya simu wala mahali mtu anapokaa. Mfanyabiashara mwanachama asipewe orodha ili auze bima, hata akichangia kiasi gani. Picha za wanafunzi walioko shuleni sasa ni za watoto, zipite kwa mkuu wa shule na ridhaa ya mzazi, na msiambatanishe jina la mtoto na habari ya kwamba analipiwa ada.

Grupu. Acheni kuliongezea grupu moja. Kila mwaka uwe na grupu lake, na yote yaunganishwe kwenye Jumuiya ya WhatsApp, ambayo ina grupu la matangazo wanaloandika maadmini pekee. Habari ya haraka iende huko. Chaneli ya WhatsApp nayo ni nzuri, wafuasi hawaoni namba za wenzao, ila ni ya wazi kwa yeyote, kwa hiyo yaingie yale tu yaliyopata ridhaa ya pili kwenye ile fomu ya Mhariri. Orodha ya matangazo ya kawaida, ile ya kutuma kwa wengi kwa mkupuo, inaishia watu 256 na humfikia tu aliyeihifadhi namba yako. Ndiyo maana wengine husema hawajapata.

Tanzia. Habari ya msiba huwahi kuliko ukweli wake. Isitangazwe mpaka mwakilishi wa mwaka azungumze na mtu wa familia, siyo na mtu aliyesikia. Tangazo lina jina la shuleni, jina la sasa, mwaka wa kumaliza, siku ya kufariki, msiba uko wapi, maziko ni lini na wapi. Chanzo cha kifo hakiandikwi, hata familia ikikitaja kwenye simu. Kwenye jarida miezi mitatu baadaye andikeni maisha yake kwa maneno 100, na kipimo hicho kiwe cha kila marehemu.

Rambirambi ndipo matapeli wanapoishi. Wanachukua tangazo lenu, wanabadili namba moja, wanalirudisha kwenye magrupu mengine. Tumieni namba moja ya kudumu ya Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la umoja, na kila tangazo liseme jina litakalotokea kabla ya mtu kuweka namba ya siri. Jina likiwa tofauti, asitume. Msitumie simu binafsi ya mweka hazina hata kwa siku moja "kwa dharura".

Michango ya shule inaripotiwa kwenye jarida kwa mistari mitatu: kilichokusanywa, kilichotumika na kimenunua nini, kilichobaki. Kama ni vifaa, viingie kwenye leja ya shule kwa hati ya makabidhiano yenye saini ya mkuu wa shule, na jengo lipite bodi ya shule na halmashauri kabla msingi haujachimbwa. Darasa lisilo kwenye mpango wa halmashauri linaweza kusimama bila madawati wala mwalimu.

---

Mhariri_Mzizima:

Nyongeza mbili. Wanasiasa: habari ni "amechaguliwa", baada ya Tume ya Uchaguzi kutangaza. "Ametia nia" na "anaomba kura zenu" haviingii, wa chama chochote. Mwaka wa uchaguzi tangazeni kanuni hiyo mapema kabla wa kwanza hajapiga simu.

Ya pili, masahihisho. Yawe na mahali pake pa kudumu, ukurasa wa 2 chini, kwa lugha kavu: "Toleo lililopita tuliandika kuwa fulani ni Profesa. Ni Mhadhiri Mwandamizi." Halafu PDF iliyoko mtandaoni nayo irekebishwe, maana miaka kumi mbele ndiyo itakayonakiliwa.

---

Bweni_la_Nne amejibu:

Sikubaliani na Masjala kwenye mwaka mmoja kamili. Miaka ya nyuma kuna waliohamishwa katikati ya mwaka kwa uhamisho wa mzazi mtumishi, na waliofukuzwa ada. Hao ndio mara nyingi wanaoikumbuka shule. Daftari la uandikishaji likiwa na jina lake, aingie, mabano yaseme alikaa muda gani.

---

Masjala_Kuu:

Nakubali kwa habari, sikubali kwa kura ya mkutano mkuu. Katiba yenu itenganishe hayo mawili.

Na Katibu, kila toleo nakala tatu za karatasi ziende maktaba ya shule na moja ibaki ofisini, pamoja na kupeleka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambako machapisho ya nchi huhifadhiwa. Majina ya mafaili yaanze na mwaka na mwezi, 2026-02, 2026-08, ili yajipange yenyewe. Katibu atakayekuja baada yako asikute mafaili sita yanayoitwa "jarida final mpya 2".